Mto uliofungwa Nyangwe na faili iliyofungwa ku biro yetu

Andiko la leo ni refu kidogo, mnivumilie. Mwenye megabaiti chache aliweke kwanza, atasoma kesho.

Dada mmoja wa promosheni yetu aliniuliza jambo wiki jana. Kampuni anayofanyia kazi inataka kununua programu ya kufunga mafaili ya biashara, ile ambayo mtu anaweza kusoma faili lakini hawezi kuikopi, kuichapa wala kuituma kwa mwingine. Inalinda kweli, au ni kula pesa tu? Sikumjibu siku ile. Swali lilinigusa mahali panaponiuma, na nilitaka kwanza nitulie.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nafuatilia wakulima kwa niaba ya mnunuzi mmoja wa mchele na karanga. Jina lake naliacha. Kila mwanzo wa msimu tulipokea faili moja kutoka biro kubwa. Ndani yake kulikuwa na bei ya juu kabisa tunayoruhusiwa kulipa kwa kila kijiji, majina ya wakulima, namba zao za telefone, na kilo tunazotegemea kwa kila mmoja. Mwaka ule ilikuja na kufuli: inafunguka kwa neno la siri, haikopiki, haichapiki, baada ya siku nne inajifunga yenyewe. Tena kila ukurasa ulikuwa na jina la aliyeifungua, limeandikwa kwa rangi hafifu kutoka kona hadi kona. Mkubwa wetu alisema sasa hakuna mutu ataiba.

Asubuhi moja niliifungua, nikaitwa nje kupokea kamyo, nikaacha masini wazi juu ya meza. Nilirudi baada ya dakika ishirini hivi. Siku tatu baadaye, watu wa mnunuzi mwingine walikuwa vijijini kabla yetu, wanalipa franka hamsini zaidi ya bei yetu ya juu, kijiji kwa kijiji, kama wameambiwa. Kumbe walikuwa wameonyeshwa. Mtu alipiga picha ya kioo cha masini kwa telefone, na picha ikatembea kwa WhatsApp. Juu ya kila picha kuna jina, na jina ni langu. Nilisimamishwa miezi miwili bila mshahara. Aliyepiga picha sijamjua mpaka leo. Kufuli ilimjua aliyefungua faili, haikumjua aliyeshika telefone.

Tangu pale nimesoma sana juu ya makufuli haya. Yalizaliwa kwenye muziki na filamu, ili mtu anunue diski moja asiigawie mtaa mzima. Kufuli ya DVD ilivunjwa mwaka 1999, na kati ya waliohusika alikuwepo kijana wa Norway ambaye hajafika hata miaka ishirini. Haikuwa bahati yake tu. Ili mteja aone filamu, mashine yake lazima iwe na ufunguo. Yaani unafunga sanduku, halafu unampa sanduku na ufunguo mtu yule yule unayemwogopa. Kwa kampuni ni hivyo hivyo: mfanyakazi lazima asome ile faili, la sivyo hawezi kufanya kazi. Akishasoma, iko kichwani mwake, iko machoni mwa telefone yake.

Lakini mimi ni mtoto wa Kasongo, na jambo hili kwetu ni la zamani kuliko kompyuta.

Twende Nyangwe. Wengi wenu mnapajua kwa jina tu, na wengine mmepita pale mkielekea kwingine. Kando ya Lualaba, ukingo wa kulia, pale ndipo Wangwana waliotoka upande wa Zanzibar, Tabora na Ujiji walijenga kituo chao na soko lililojulikana mbali. Biashara ilikuwa pembe za ndovu na, tusiifiche, watu. Siri kubwa ya biashara ile haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa ni mto wenyewe: unaelekea wapi, nani anakaa huko chini, pembe ziko kwa nani, na zinanunuliwa kwa nini. Nchi ambapo watu walikuwa hawajajua bei ya pembe huko pwani ndiyo nchi ambapo mfanyabiashara anapata faida. Hiyo ndiyo data nyeti ya wakati ule, hata kama haikuitwa hivyo.

Na kufuli yake ilikuwa mitumbwi. Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka 1871, akitafuta mtumbwi wa kushuka na mto. Alikaa miezi mitatu na zaidi. Mitumbwi ilikuwa ya Wagenya, na wafanyabiashara hawakutaka mgeni apite mbele yao. Kila siku ahadi, kila siku sababu mpya. Tarehe 15 Julai wafanyabiashara walifyatua bunduki sokoni, mamia ya watu wakafa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Livingstone aliondoka siku chache baadaye bila kuuona mto zaidi ya pale. Cameron alifika mwezi wa nane 1874, akaomba mitumbwi, na yeye akakosa. Sababu zilikuwa nyingi, moja ni kwamba wenye mitumbwi walitaka kulipwa kwa watumwa na yeye hakukubali. Akaelekea kusini, akatokea bahari ya magharibi mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema kufuli ilifanya kazi. Wazungu wawili wenye majina makubwa, wote wawili wakazuiwa. Ngoja kwanza. Cameron akiwa Nyangwe alipima mwinuko wa pale na wingi wa maji. Akaona mahali pale pako chini kuliko Gondokoro iliyo kando ya Naili, na maji hayapandi mlima. Basi mto huu hauwezi kuwa Naili kama Livingstone alivyodhani; lazima ni Kongo. Hakupewa mtumbwi hata mmoja, lakini jibu alilipata. Siri ilifungwa mlangoni, ikatokea dirishani. Wale waliomnyima mitumbwi labda hawakuelewa kile alichokuwa anafanya na vyombo vyake.

Halafu ikaja mwaka 1876. Stanley alikutana na Hamed bin Muhammad, Tippu Tip, ambaye makao yake yalikuwa kwetu Kasongo. Stanley hakuvunja kufuli yoyote. Alimwendea mwenye ufunguo akamtajia bei. Stanley mwenyewe ameandika kwamba walipatana dola 5,000 kwa safari ya makambi sitini. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili na herufi za Kiarabu, anataja 7,000, na analalamika kwamba hakupata alichoahidiwa. Mimi sishangai kwamba wawili hawa hawakubaliani juu ya hesabu. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, wakaingia msitu ulioko kaskazini, wakaumizwa na magonjwa na mapigano. Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili Tippu Tip akarudi. Kazi ilikuwa imekwisha: Stanley alikuwa ameshavushwa sehemu ile ambayo peke yake hangeivuka, na mitumbwi anayo. Tarehe 9 Agosti 1877 alitokea Boma.

Watu wa kwetu hupenda kubishana kama Tippu Tip alikuwa mjinga ao mwerevu. Mimi naona alipiga hesabu ya mfanyabiashara, na hesabu ya siku ile ilikuwa nzuri. Hata yeye alijifunza njia, na Wangwana walishuka na mto mpaka Stanley Falls, wakapata pembe nyingi. Kile ambacho hakuweza kukihesabu ni nani angeisoma habari ile ikishatoka. Mwaka 1878 watu wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, walimngoja Stanley alipokanyaga Ulaya. Mwaka 1879 alikuwa amerudi Kongo kwa kazi ya mfalme huyo. Mwaka 1887 Tippu Tip alipewa cheo cha gavana wa Stanley Falls chini ya bendera ya Leopold, yaani akawa mfanyakazi wa walionunua siri yake. Mwaka 1893, mwezi wa tatu, Nyangwe ikaanguka. Mwezi wa nne ikafuata Kasongo. Anayekwenda Tongoni leo anaona mahali mji ulipokuwa.

Naomba mnielewe vizuri: silii juu ya biashara ile. Waliokuwa wanauzwa walikuwa babu zetu. Nasema tu kwamba kufuli ya Nyangwe ilizuia wageni miaka mitano, na haikumzuia mwenyeji hata siku moja.

Baada ya hapo pembe zetu, na kaochu ya misitu, hazikupanda tena kwenda Ujiji na Zanzibar. Zilishuka na mto mpaka bandari ya Antwerp. Huko Antwerp siri ikabadilisha mwenyewe.

Leopold aliitawala nchi hii kama kampuni yake binafsi, na mafaili yake yalikuwa Bruseli, yamefungwa vizuri. Hakuna mkaguzi, hakuna bunge. Lakini mizigo lazima isafiri, na meli zilikuwa za kampuni moja ya Liverpool, Elder Dempster. Kampuni hiyo ilikuwa na karani kijana, Edmund Morel, ambaye alitumwa Antwerp mara kwa mara kwa sababu anajua Kifaransa. Kazi yake ilikuwa hesabu za meli tu. Akaona meli zinaleta kaochu na pembe za thamani kubwa kuliko ile iliyotangazwa. Akaona zinaporudi Kongo zimebeba bunduki na risasi kwa wingi, na bidhaa za kununulia karibu hakuna. Basi akajiuliza: watu wa kule wanalipwa nini? Jibu likawa moja. Hawalipwi. Wanalazimishwa.

Morel hakufungua hata faili moja ya mfalme. Hakuwahi hata kufika Kongo. Alisoma karatasi za mizigo ambazo hakuna aliyeona haja ya kuzificha. Aliacha kazi mwaka 1901, mwaka 1904 akasaidia kuanzisha chama cha kupigania mageuzi ya Kongo, na mwaka ule ule serikali ya Uingereza ikatoa ripoti ya konsuli wake, Casement, aliyekuwa ameyaona mambo kwa macho yake. Mwisho Leopold alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi hii, mwezi wa kumi na moja 1908. Miezi michache kabla yake aliamuru makaratasi ya Leta yake yachomwe. Moto ulikaa siku nane, moshi ukaonekana juu ya mji. Hiyo ndiyo kufuli ya mwisho ambayo mwenye siri anayo, na hata hiyo haikutosha, kwa sababu kopi zilikuwa kwa wamisionari, kwa makonsuli, kwa makampuni, na katika vichwa vya waliokatwa mikono.

Hapa lazima niwe mwaminifu. Yale makaratasi yaliyopona moto, ambayo Ubelgiji iliyafungia katika ghala za wizara, yalikaa kimya muda mrefu sana. Jules Marchal, balozi wa Ubelgiji mwenyewe, alipotaka kuyasoma miaka ya 1970 alikataliwa, na ilimchukua miaka minane mpaka aruhusiwe. Kwa hiyo anayesema kufuli haifanyi kazi kabisa anadanganya. Inanunua muda. Kuna siri ambazo zikicheleweshwa, wenye haki yao wanakufa kabla hazijatoka, na mwenye siri anakuwa ameshinda.

Turudi siku zetu. Mwezi wa kumi na moja 2021 magazeti ya nchi mbalimbali yalitoa uchunguzi uliopewa jina la Congo Hold-up, kutokana na mafaili zaidi ya milioni tatu na nusu yaliyotoka ndani ya benki ya BGFI. Hesabuni wenyewe: milioni tatu na nusu. Kabla yake, mwaka 2020, wakaguzi wawili wa ndani wa benki ya Afriland hapa kwetu, Gradi Koko na Navy Malela, walitoa habari juu ya akaunti za benki ile. Benki ilikana, na mahakama ya Kinshasa iliwahukumu kifo wakiwa hawapo. Habari ya hukumu ile ilijulikana mwezi wa pili 2021.

Mniangalie neno lile: wakaguzi wa ndani. Kuangalia akaunti ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya. Benki ina makufuli ambayo biro yetu ya mchele haitayaona hata kwa ndoto, na bado. Hukumu ya kifo kwangu inaonyesha kwamba wenye siri wanajua wenyewe kuwa kufuli haitoshi. Kama ingetosha, mtu angehitaji kuwatisha wafanyakazi kwa kitu gani?

Je, hakuna siri inayolindika? Ipo, na inatoka kwa masomo yetu sisi wa agronomi. Chukua mahindi ya haibridi. Kampuni inauza mbegu kwa kila anayetaka, inaweka sokoni wazi, haifichi kitu. Ukipanda unavuna vizuri. Ukihifadhi punje zako ukapanda tena, shamba linatoka mchanganyiko, marefu na mafupi, mavuno yanashuka. Sababu ni kwamba ulichonunua ni mtoto. Wazazi, ile mistari miwili iliyozaa mbegu ile, wako kwa kampuni, hawauzwi. Hapa anayepokea hapewi ufunguo. Anapewa tunda tu, na siri haimo ndani ya tunda kwa namna ya kuitoa kwa urahisi.

Lakini hata wazazi lazima wapandwe mahali, na shamba halina dari. Mwaka 2011 huko Iowa, Marekani, watu walioshuku walimkuta mtu ndani ya shamba la makampuni ya mbegu, akichimba. Alikuwa Mo Hailong, raia wa China, na alichokuwa anatafuta ni wazazi wale wa mahindi. Mwaka 2016 alikiri mahakamani na akafungwa miaka mitatu. Siri ya mamilioni ya dola, na kilichohitajika ni jembe na mfuko.

Kwa hiyo jibu nililompa dada ni hili, nalileta kama nilivyomwandikia. Programu ile inafaa kama masini ikiibiwa barabarani, ao faili ikitumwa kwa mtu asiyehusika kwa makosa. Kwa hilo, nunueni. Mfanyakazi anayetaka kuiuza, haitamzuia, itambadilishia njia tu. Afadhali faili ikatwe vipande: anayekwenda kijiji kimoja apewe bei ya kijiji kimoja. Mimi sikuwa na sababu yoyote ya kuwa na bei za vijiji vyote juu ya meza yangu, na kama ningekuwa na kimoja tu, picha ile ingekuwa na thamani ya sigara. Tena, jina lililo juu ya ukurasa lisichukuliwe kama ushahidi wa mkono. Mtu anaweza kupoteza kazi kwa sababu ya kamyo.

Na nilimwandikia jambo la tatu, ambalo mkubwa wangu wa zamani hataki kulisikia. Ndani ya faili ile kulikuwa na siri mbili zilizochanganywa. Namba za telefone za wakulima ni mali ya wakulima; hata Kodi ya Numeriki ya nchi yetu, ile ya mwezi wa tatu 2023, inalinda data za mtu binafsi. Hizo zilistahili kufuli. Lakini bei ya juu tuliyokuwa tayari kulipa, ile tuliificha kwa mkulima kuliko tulivyomficha mshindani. Faida yetu ilikuwa pale pale ilipokuwa faida ya Nyangwe: anayeuza asijue bei ya mbele.

Baada ya miezi yangu miwili nilirudi kijijini kuwasalimia, sina kazi ya kampuni tena mkononi. Nilikuwa na aibu. Mzee mmoja aliyekuwa ananiuzia karanga kila msimu alinikaribisha, akanipa kiti, akasema mwaka ule watoto wote watatu walilipiwa masomo kwa wakati, sababu ya zile franka hamsini. Hakujua zilikotoka. Nilikula ugali wake na sombe, nikanyamaza.

Jana dada amenijibu. Wamenunua ile programu. Neno la siri limeandikwa kwenye kikaratasi, limebandikwa juu ya masini ya sekretere, kwa sababu kila mtu alikuwa analisahau.